Kesi ya Radi na Tulivu katika Nchi ya Kuliko

Katika nchi ya Kuliko hakuna mtu aliye mzima tu. Yupo mzima kuliko jirani yake, au mgonjwa kuliko alivyokuwa jana. Nililijua hilo langoni, kabla sijatua mzigo, pale askari aliponiuliza, "Hujambo kuliko nani, mama?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Kuliko nani?"

"Sijambo tu, baba."

Akamwita mwenzake. Wakanitazama kama watu wanaotazama pasipoti isiyo na picha. Yule mwenzake, aliyekuwa na huruma kidogo, akaniuliza kama huko nyumbani nimemwacha mtu yeyote anaumwa. Nikasema jirani yangu, Mama Subilaga, ana mafua.

"Basi sema hujambo kuliko Mama Subilaga, upite. Watu wamepanga foleni."

Nikasema. Moyoni nikamwombea Mama Subilaga apone, maana niliona vibaya kuingia nchi ya watu kwa mafua ya mwenzangu.

Nilikwenda Kuliko kwa shughuli moja. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la jioni linalofanyika nyuma ya kanisa letu. Shule niliiacha nikiwa msichana, nikalea wadogo zangu, kisha watoto wangu, kisha wajukuu, na sasa narudi kumaliza nilichoanza. Mwaka huu ikaamriwa kwamba mtihani wetu wa insha uandikwe kwa kompyuta, na kila mtahiniwa aje na yake. Atakayefika Ijumaa jioni mikono mitupu atangoja mwaka ujao. Kwa kijana, mwaka ni mwaka tu. Kwa mtu wa umri wangu, mwaka ni jambo la kuombewa. Akina mama wa kanisa wakanichangia, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniambia kompyuta mpakato nzuri hutengenezwa Kuliko. Hilo ni kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi ni kuzitoa.

Jambo jingine nilitaje sasa, nisije nikalisahau. Wiki iliyotangulia Mwalimu Atuganile alikuwa ametufundisha viambishi vya mahali: pa, ku na mu. Palipo, kuliko, mlimo. "Palipo ni hapa unapopaona," alisema. "Mlimo ni ndani. Kuliko ni huko, mbali, ambako pengine bado hujafika." Akatutaka tuvizoee nyumbani. Wenzangu walivizoea kwa kutunga sentensi. Mimi maneno yangu mengi ya siku nayasema nikiwa nimepiga magoti, kwa hiyo nilivizoea katika sala.

Nilipanga kwa Bi Afadhali, mwanamke mcheshi mwenye nyumba safi karibu na soko. Aliniandalia sahani mbili. Moja ilikuwa ya wali na maharage. Ya pili ilikuwa ya wali na maharage. Nikainamisha kichwa kukiombea chakula.

"Kibarikiwe kuliko kipi?" akauliza Bi Afadhali.

"Kibarikiwe tu, dada yangu."

"Haya, ombea. Lakini usile bado. Onja huku, onja kule, useme sahani ipi ni tamu kuliko ipi. Ndiyo sheria."

Nikaonja. "Zote tamu."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Mama! Dirisha liko wazi!"

Nikachagua ya kushoto ili tupate kula, na wakati huo zote mbili zilikuwa zimepoa. Mwenyeji wangu alikuwa mkarimu, akataka kuniongeza. Nikamwambia, "Asante, imetosha."

Kijiko kikabaki hewani. "Imetosha kuliko nini?"

"Imetosha tu. Nimeshiba."

Akaenda kufunga dirisha, ndipo akarudi na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba neno hilo alilisikia kwa bibi yake peke yake. Lilifutwa kwenye kamusi zamani, kwa sababu wataalamu walijaribu kulisimamisha pamoja na kuliko, likagoma.

Niliona mengine mengi, na nayataja bila kuongeza. Bi Afadhali ana mtoto mmoja, na katika nchi ile mwenye mtoto mmoja hana namna ya kumsifu. Kwa hiyo kila Jumapili huazima mtoto wa jirani, humketisha kando ya wake, husema, "Wangu ana adabu kuliko huyu," kisha humpa yule wa jirani andazi na kumrudisha kwao. Jirani naye hufanya vivyo hivyo Jumatatu. Watoto wenyewe hawana kinyongo. Wanachoangalia ni andazi. Nilionyeshwa pia kiwanja ambapo zamani ilikuwepo ofisi ya zimamoto. Iliteketea wakati maofisa wakijadiliana kama moto ule ulikuwa mkubwa kuliko ule wa soko. Ripoti yao, nasikia, ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kesho yake nikaenda kwenye duka la kompyuta. Mashine zao ni za namna mbili tu, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Tofauti iko kwenye prosesa, kile kijiwe chembamba kilicho ndani ya mashine kinachofanya kazi ya kufikiri. Ya kwanza huitwa Radi. Ya pili huitwa Tulivu. Mashine ya Radi bei yake ni ya ng'ombe na ndama wake. Ya Tulivu ni bei ya ng'ombe peke yake. Fedha ya akina mama ingenunua Radi bila kubaki kitu, au ingenunua Tulivu ikabaki ya bati kwa ajili ya paa la kanisa.

"Ipi nzuri, mwanangu?" nikamuuliza muuzaji.

Akacheka hadi akashika kaunta. "Mama, mimi nauza. Wewe unanunua. Uzuri ni kazi ya Baraza."

Hapo ndipo nilipoelezwa sheria yenyewe. Hakuna mashine inayotoka dukani mpaka mnunuzi asimame mbele ya Baraza la Ulinganisho na kutoa tamko. Tamko lazima liwe na mambo matatu: litaje prosesa zote mbili, liwe na neno kuliko, na litolewe mbele za Mungu, kwa ukweli. Kuna mawakili wawili wa nchi, mmoja wa Radi na mmoja wa Tulivu. Mmoja wao akipinga tamko, kesi inapelekwa kwenye majaribio. Na kwa kuwa viwanda huleta prosesa mpya kila baada ya miaka michache, majaribio hayajawahi kufika mwisho. Radi iliyokuwepo siku ile ilikuwa Radi ya Kumi na Mbili. Kesi ilianza na ya Kwanza.

Nje ya Baraza kuna mabenchi, na kwenye benchi la mbele alikaa mwanamume mwenye mvi na shati lililopigwa pasi vizuri sana.

"Karibu, mama. Kaa hapa, benchi hili lina kivuli kuliko lile."

"Asante, baba. Umesubiri sana?"

"Kuliko nani?" akasema, kisha akacheka mwenyewe. "Samahani, ni mazoea. Nilikuja hapa kijana. Rafiki yangu alioa, nikampigia video ya harusi. Kamera ninayo, mikanda ninayo, kilichokosekana ni mashine ya kuunganishia picha. Nikamwambia, nipe wiki mbili utaiona harusi yako."

"Akaiona?"

"Bibi harusi sasa ni bibi wa wajukuu. Akinikuta sokoni hanisalimu. Ananiuliza tu, 'Bado?' Basi watu wakadhani ndilo jina langu. Mimi ndiye Bwana Bado."

"Lakini, baba, si ungesema Radi ni bora, ukaenda zako?"

"Nilisema. Bi Nafuu akapinga. Nikasema Tulivu ni bora, Bwana Kasi akapinga. Mwaka mmoja nikachoka, nikasema zote sawa." Akatikisa kichwa. "Nilifagia uwanja wa majaribio mpaka masika yalipokwisha."

Nilitaka kuuona uwanja huo, naye akanipeleka, maana njia yake aliifahamu kwa ufagio.

Ni uwanja mpana wenye meza mbili. Kwenye meza ya kwanza mashine ya Radi ilikuwa ikihesabu chembe za mchanga za ufuo usiokuwepo. Kwenye meza ya pili mashine ya Tulivu ilihesabu mchanga uleule, kwa mwendo wake. Wakili wa Radi, Bwana Kasi, ni mtu mwembamba anayeongea mpaka anameza miisho ya maneno. Wakili wa Tulivu, Bi Nafuu, alikuwa ameketi na karanga kwenye khanga, akizila moja moja.

"Umeona, mama? Umeona?" akasema Bwana Kasi. "Alama elfu tisa!"

"Alama za nini, baba?"

"Za kuhesabu mchanga."

"Na mchanga uko wapi?"

"Mchanga si hoja. Hoja ni alama."

"Muulize kwa nini ameweka sufuria juu ya mashine," akasema Bi Nafuu bila kuinua macho.

Nikatazama. Kweli, juu ya Radi palikuwa na sufuria ndogo ya maziwa, na maziwa yalikuwa yanachemka. Feni ya ndani ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga.

"Hiyo ni faida ya ziada," akasema Bwana Kasi. "Mwenzangu yake imezimika tangu asubuhi."

"Haijazimika. Imetulia."

"Jana waliiletea kioo wakaiwekea puani waone kama inapumua."

"Chaji yake inatoka alfajiri mpaka baada ya sala ya jioni," Bi Nafuu akaniambia mimi, kana kwamba Bwana Kasi ni nzi. "Ya huyu inaomba soketi kabla ya chai."

"Yangu ina viini vinane!" akasema Bwana Kasi. Viini, nilielezwa, ni vichwa vidogo ndani ya prosesa vinavyogawana kazi. "Vinane! Yake vinne!"

"Vinne vinavyoelewana," akasema Bi Nafuu, akamenya karanga.

Nikaona wote wawili wana maneno, na yote niliyoyasikia yalielekea kuwa kweli. Nikainua mkono kama darasani. "Mimi nataka kuandika insha. Kurasa mbili hivi. Ipi itanifaa?"

Karanga ya Bi Nafuu ikasimama njiani. Bwana Kasi akaisahau sufuria yake. Maziwa yakafurika yakaanguka mezani.

"Hilo halina jaribio," akasema Bwana Kasi hatimaye.

"Hakuna aliyewahi kuleta kazi hapa uwanjani," akasema Bi Nafuu, akinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ingevuruga matokeo."

Nikakata tamaa kidogo, nakiri. Siku ya Alhamisi nilikaa benchini kutwa nzima, zamu yangu haikufika. Nilimtazama Bwana Bado akinyoosha shati lake, nikamwona mtu aliyekuja kama mimi, na shughuli moja kama mimi. Nikawaza akina mama wakiniuliza kanisani, "Imekuwaje?" nami nikijibu, "Bado."

Alasiri ile Bwana Kasi akanifuata. Akainama, akasema haraka, "Mama, nakuhurumia. Mimi na Bi Nafuu tuna utaratibu wetu. Mara moja moja yeye huacha kumpinga mgeni wangu, nami huacha kumpinga wake. Kesho ni zamu yangu. Wewe apa tu. Sema, 'Mbele za Mungu nimejua kwamba Radi ni bora kuliko Tulivu, kwa kila mtu na kwa kila kazi.' Saa nne uko langoni."

"Lakini sijajua, baba."

"Nani anajua? Apa."

Alipoondoka, Bwana Bado akanigeukia akiwa na hasira kabisa. "Apa, mama! Nafasi kama hiyo mimi sijaipata maisha yangu yote. Mungu ana mambo makubwa kuliko prosesa!"

"Ndiyo maana siwezi kumtaja kwa ajili ya prosesa," nikamjibu.

"Basi, jirani yangu mpya," akasema, akanisogezea nusu ya benchi. "Utapenda hapa. Masika kuna upepo."

Sikulala vizuri. Nilijua nikiapa, Ijumaa jioni nitakuwa kwenye mtihani. Nilijua nisipoapa, sitakuwa. Na kila nilipotaka kuyatamka maneno ya Bwana Kasi, hata kwa kujaribu tu, ulimi uliyakataa kama dawa chungu.

Ijumaa asubuhi wakaniita. Baraza ni chumba kirefu. Mkubwa wake huitwa Mpambanuzi Mkuu, mzee mnene mwenye uso mpole. Mguu wa kushoto alivaa ndara, wa kulia kiatu cha ngozi, ili asiache kulinganisha hata akiwa amekaa. Mbele yake, mezani, ziliwekwa mashine mbili, Radi na Tulivu, zikiwa wazi. Kando alikaa karani. Mawakili walisimama huku na huku, na Bwana Kasi akanikonyeza.

"Mama Tumpale, mgeni," akasoma karani. "Anaomba kutoka na mashine moja."

"Toa tamko," akasema Mpambanuzi Mkuu.

Nikasema, "Mheshimiwa, naomba kwanza nisali."

"Usali kuliko ufanye nini?"

"Kuliko niseme uongo."

Wakanong'onezana. Karani akatazama kitabu cha sheria, akasema hajaona mahali sala inapokatazwa. Mpambanuzi Mkuu akapunga mkono. Mimi nikapiga magoti palepale sakafuni, kwa kuwa magoti yangu hayajui kusali yakiwa yamenyooka, na nikasali kwa sauti, kama tulivyozoea kwetu. Sikutunga. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husali kwa maneno aliyoyazoea juzijuzi.

"Ee Bwana, mimi sijui Radi, wala sijui Tulivu. Wewe unajua nilikotoka. Nipeleke kuliko na kazi uliyonipa. Nipeleke kuliko na meza yangu na wenzangu wanaonisubiri. Chombo chochote utakachonipa, kiwe cha huko, kuliko na haja yake. Amina."

Nikanyanyuka, nikipangusa vumbi. Kalamu ya karani ilikuwa bado inaandika. Akaandika mpaka mwisho, akaweka nukta, akainua uso.

"Mheshimiwa," akasema. "Ametoa tamko."

"Ametoa sala," akasema Bwana Kasi.

"Ametaja Radi. Ametaja Tulivu. Ametamka kuliko mara tatu. Sheria inataka mara moja. Na ametamka mbele za Mungu." Karani akakohoa. "Kusema kweli, sijawahi kuandika tamko lililokuwa mbele za Mungu zaidi ya hili."

"Hakulinganisha chochote!"

"Sheria inasema neno liwepo," akasema Bi Nafuu polepole. Khanga yake ilikuwa na karanga, lakini hakuzigusa. "Haisemi lifanye kazi gani."

"Wewe pia?" Bwana Kasi akamgeukia. "Unapinga au hupingi?"

"Nipinge nini? Amesema hazijui. Ni kweli, hazijui. Wewe unapinga kwamba hazijui?"

Bwana Kasi akarudi nyuma hatua moja.

Mpambanuzi Mkuu akainama juu ya meza. "Mama, hiyo kuliko yako ni kuliko gani?"

Nikaona haya, kama siku ninapoitwa ubaoni. "Ni ya mahali, mheshimiwa. Tumefundishwa wiki iliyopita, na mimi bado nachanganya. Kuna palipo, kuna mlimo, na kuna kuliko. Mwalimu alisema ni huko mbali, ambako pengine mtu bado hajafika."

"Huko mbali," akarudia. Akayatazama maneno kwenye karatasi ya karani muda mrefu. "Kuliko yetu hutazama pembeni. Hii inatazama mbele." Kisha akauliza swali ambalo, Bwana Bado aliniambia baadaye, halikuwahi kuulizwa katika chumba kile. "Na huko kuliko na kazi yako, kukoje?"

Basi nikamweleza. Nikamweleza darasa lililo nyuma ya kanisa, na dirisha lisilofunga. Nikamweleza kwamba tunaandika tu, hatuhesabu mchanga. Kwamba chumba ni kidogo na tunakaa bega kwa bega, hivyo mashine yenye kelele ingewasumbua wenzangu. Kwamba umeme wetu hukatika karibu kila jioni, na hurudi unapopenda.

Nilipofika kwenye umeme, wote walikuwa tayari wanaitazama Tulivu. Hata Bwana Kasi.

"Umeme hukatika kila jioni?" akaniuliza.

"Karibu kila jioni, baba."

Akainua mabega. "Chukua hiyo, mama. Yangu ingekufia kwenye aya ya kwanza." Akasema bila haraka, na maneno yote yakafika mwisho. Nadhani hata yeye alipumzika.

Mpambanuzi Mkuu akagonga muhuri. Nilikuwa naifunika Tulivu kwa kitenge changu mlango uliposukumwa, na Bwana Bado akaingia bila kuitwa. Alikuwa amesikiliza kwenye tundu la ufunguo, na tundu lilikuwa limemchora duara sikioni.

"Mheshimiwa! Mbele za Mungu! Mimi Radi na Tulivu nimezifagilia uwanja, wala sijui ipi ni ipi! Lakini kuliko na kazi yangu kuna mikanda ya video, picha zinazotembea, muziki, maua, keki, watu mia mbili wanacheza kwa wakati mmoja! Na umeme upo, nakaa karibu na hospitali!"

"Radi," wakasema Bwana Kasi na Bi Nafuu kwa pamoja. Wakatazamana. Nasikia ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana mbele ya Baraza.

"Na maziwa yake atachemshia hukohuko," akaongeza Bi Nafuu.

Mpambanuzi Mkuu akagonga muhuri wa pili, na Bwana Bado akashika Radi kifuani kama mtoto mchanga, akaanza kulia, akacheka, akaniambia, "Mama Tumpale, twende upesi, kabla hawajaleta ya Kumi na Tatu."

Tulipotoka, mabenchi yalikuwa yameamka. Watu walikuwa wanageuziana nyuso na kuulizana, si ipi, bali wapi. "Kwako kukoje?" "Mimi nina duka la dawa." "Mimi nina binti yuko chuo." Nilipogeuka nikamwona Mpambanuzi Mkuu mlangoni akiwa ameshika kiatu cha ngozi mkononi na ndara mguuni, akiangalia barabara, kama mtu anayewaza atembee kwenda wapi ndipo ajue avae nini.

Langoni askari wa kwanza akaniuliza, "Hujambo kuliko nani, mama?"

"Kuliko na Mungu hapana pungufu," nikasema. Mpaka leo sijui kama ni sarufi sahihi. Akaandika, akanifungulia.

Bi Afadhali alinisindikiza mpaka hapo, akanipa mfuko wa maandazi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea sikioni. "Yametosha?" akanong'ona, na uso ukamng'aa kama wa msichana aliyeiba embe.

Niliingia darasani wenzangu wakiwa wameshakaa. Mwalimu Atuganile akaniona na kitenge mikononi, akafumba macho kidogo, nikajua na yeye alikuwa ananiombea. Tukafungua mtihani. Umeme ukakatika hata kabla hatujamaliza kusoma maelekezo. Chumba kikaguna. Mashine nyingine zikalia na kuzima, nyingine zikabaki. Yangu haikushtuka. Ilikaa kimya mbele yangu na mwanga wake mdogo, nami nikasoma swali.

Swali lilisema: *Linganisha maisha ya kijijini na maisha ya mjini.*

Nilicheka. Nilijaribu kuzuia kwa kitenge, ikashindikana, mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nina afya. Nikamwambia sijambo. Hakuniuliza kuliko nani, na nilimshukuru Mungu kwa hilo kama mtu aliyepewa maji. Kisha nikaandika. Nikaeleza ni nani anayefaa kijijini na kwa kazi gani, na ni nani anayefaa mjini na kwa kazi gani, nikatia nukta, na chaji ilikuwa bado ipo.

Tulipotoka gizani, tukipapasa ukuta, kijana mmoja wa darasa letu, Lusajo, mwenye mashine mpya aliyoletewa na kaka yake, akanishika kiwiko nisije nikajikwaa.

"Mama Tumpale, hiyo yako ni nzuri kuliko ya kwangu?"

Nikaikumbatia Tulivu ndani ya kitenge. Ilikuwa na uvuguvugu kidogo tu, kama mkate uliotoka kuokwa mchana.

"Imetosha, mwanangu," nikamwambia.